Je, Wajua? Joto Lililo Chini ya Ploti ya Kagio

Ukijenga nyumba mjini Kagio, chini ya Mlima Kenya, fundi atakuuliza maswali matatu kabla hajapiga kigingi cha kwanza: mabati ya geji gani, tangi la maji litakaa wapi, na dari itakuwa ya nini. Swali la nne huja kwa simu, kutoka kwa ndugu aliyehamia Minnesota au Sweden. Huko kuna nyumba zinazopashwa joto wakati wa theluji na kupozwa wakati wa kiangazi kwa mabomba yaliyofukiwa uani. Naye anataka kujua: nyinyi mlio na mvuke wa Olkaria na Mlima Kenya, mbona mwezi wa Julai mnakesha mmezunguka jiko la makaa?

Swali hilo halistahili kupuuzwa. Baridi ya huku ni ya kweli, na pesa za kujengea huwa zimehesabiwa. Haya hapa ni mambo ambayo mtu anayepanga nyumba kati ya Sagana na Kutus, au huko juu Karatina, Nyeri na Nanyuki, anafaa kuyajua kabla hajamwita mwenye mashine ya kuchimba.

Je, wajua kwamba jotoardhi ni ya aina mbili?

Joto la Olkaria hutoka kwenye miamba iliyopashwa na uji wa mawe ya moto ulio chini ya Bonde la Ufa. Visima vyake huenda chini kilomita mbili, hata tatu, na huko joto hupita nyuzi 300. Mvuke wake huzungusha mitambo ya stima, na karibu nusu ya umeme wa Kenya siku hizi hutokana na mvuke wa namna hiyo.

Joto la mabomba ya yule ndugu ni kitu kingine kabisa. Linakaa katika mita 100 za kwanza za udongo na mwamba, na sehemu yake kubwa ni jua. Ndiyo, jua: mwanga uliopiga ardhi, ukaingia kidogo kidogo, ukawekwa akiba humo. Anayefukia mabomba mita mbili chini ya nyasi zake anachota jua la miezi iliyopita, wala hajaugusa moto wa kiini cha dunia.

Na Mlima Kenya? Ni volkano kweli, tena uliwahi kuwa mrefu kuliko mita 5,199 za leo, lakini ulilipuka mara ya mwisho miaka takriban milioni 2.6 iliyopita. Moto wake umezimika. Maeneo ya jotoardhi kali nchini yamejipanga kando ya Bonde la Ufa: Suswa, Longonot, Olkaria, Eburru, Menengai, Bogoria, Paka, Silali na kuendelea hadi kusini mwa Ziwa Turkana. Nje ya bonde hilo hutajwa machache tu: vilima vya Homa huko Nyanza, Mwananyamala pwani, na safu za Nyambene kule Meru. Nyambene ndiyo ya karibu zaidi na sisi, na ni mbali na Kagio.

Mahali pa kawaida, joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Kagio iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako maji huchemka kwa nyuzi 96. Ukitaka kukutana na maji yenye joto hilo chini ya ploti yako, basi, jiandae kuchimba kilomita mbili na nusu hadi tatu. Tusahau hilo.

Je, wajua kwamba ardhi huhesabu wastani?

Hapa ndipo pana utamu wenyewe. Chukua joto la hewa la mahali fulani, mchana na usiku, Januari hadi Desemba, ulijumlishe na kuligawanya. Jibu utakalopata ndilo, kwa kukaribia, joto la udongo ukichimba chini ya kutosha. Ardhi huifanya hesabu hiyo yenyewe, bila kalamu.

Husahau haraka mambo ya siku moja. Katika udongo wa kawaida, tofauti ya mchana na usiku hupungua hadi sehemu ndogo sana kwenye kina cha sentimita 35 tu. Tena joto husafiri polepole kiasi kwamba lile lililopiga ardhi mchana hufika kina hicho karibu na usiku wa manane. Mtoto anaweza kulihakikisha kwa jembe na kipimajoto.

Mambo ya mwaka mzima huchukua kina kirefu zaidi kusahaulika. Minnesota, ambako Julai ni joto jingi na Januari ni barafu, ardhi haitulii mpaka mita kumi hivi. Lakini sisi tuko mlangoni mwa Ikweta. Nyeri, tofauti kati ya wastani wa mwezi wa joto zaidi na ule wa baridi zaidi ni nyuzi tatu au nne tu. Udongo wetu hauna majira makubwa ya kusahau, kwa hiyo hata shimo la mita moja na nusu hukufikisha mahali patulivu.

Patulivu, lakini kwa joto gani? Hewa hupoa kwa nyuzi 0.6 hivi kila unapopanda mita 100. Mji wa Nyeri, ulio kwenye mita 1,750 hivi, una wastani wa nyuzi 17 au 18. Kagio, chini yake kwa zaidi ya mita 500, ina kama nyuzi 21. Nanyuki, karibu mita 1,950, ni baridi kuliko zote mbili. Na Mombasa, kando ya bahari, wastani ni nyuzi 26 au 27. Mtu wa Mombasa anayetumaini kupozwa na ardhi atachimba na kukuta udongo wenye joto lilelile linalomkosesha usingizi. Mafundi wa zamani wa Lamu na Unguja walitafuta ubaridi kwa njia nyingine: kuta nene za matumbawe, dari za juu, ua wa ndani wa kupitisha upepo, chokaa nyeupe ya kulirudisha jua lilikotoka.

Sasa zirudie zile nyuzi 21 za Kagio. Mwili wa binadamu aliyevaa nguo za kawaida huridhika kati ya nyuzi 20 na 25. Udongo wa Kagio tayari uko ndani ya kipimo hicho. Ndugu wa Minnesota anapigana na ardhi ya nyuzi nane au tisa, na bado inamfaa, kwa sababu nje kuna nyuzi 20 chini ya sifuri. Wewe umekalia joto ambalo wenzako hununua.

Je, wajua kwamba nyumbani tayari una pampu ya joto?

Weka mkono nyuma au ubavuni mwa friji. Lile vuguvugu ni joto lililotolewa kwenye maziwa na sukuma wiki, likasukumwa nje. Friji haitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje kwa kutumia kompresa. Pampu ya joto ya nyumba ni friji kubwa iliyogeuzwa: hunyonya joto la ardhini au hewani na kulimwaga ndani, na kiangazi kikifika hugeuza mwendo.

William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alilieleza wazo hilo mwaka 1852. Miaka michache baadaye Peter von Rittinger wa Austria aliunda mtambo wa namna hiyo kwa ajili ya kukausha chumvi. Mwaka 1912 Mswisi Heinrich Zoelly alipata hataza ya kuchota joto la ardhini. Mwaka 1938 ukumbi wa mji wa Zürich uliwekewa pampu iliyochota joto kutoka Mto Limmat, yaani mto baridi ulipasha joto jengo zima. Ukiwaza mifereji ya mpunga ya Mwea, hapo jirani, hiyo si hadithi ya mbali.

Faida yake ni ya hesabu. Hita ya kawaida hula yuniti moja ya stima na kutoa yuniti moja ya joto. Pampu ya joto hula yuniti moja na kutoa tatu, nne, wakati mwingine tano, kwa sababu stima hiyo ni nauli tu ya kulisafirisha joto ambalo lilikuwepo. Kadiri safari ya kupanda ilivyo fupi, kutoka joto la chanzo hadi joto unalolitaka, ndivyo nauli inavyopungua.

Tufanye mfano wa nyumba ya watu watano. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 18 hadi 45 kunahitaji yuniti 3.1 za joto. Kwa hita ya kawaida hizo ni yuniti 3.1 za tokeni kila siku, zaidi ya 90 kwa mwezi. Kwa pampu inayozalisha tatu kwa moja ni kama yuniti moja kwa siku. Na kama mna shawa ya umeme ya kilowati 5, kila mtu akioga dakika kumi, nyumba hiyo hula yuniti nne kwa siku kwa kuoga peke yake. Katika miji yetu, maji ya kuoga ni mzigo mkubwa wa joto nyumbani. Sijui kwa nini mazungumzo ya nyumba ya kisasa huanzia kwenye vyumba, ilhali bafu ndilo linalokula tokeni.

Je, wajua kwamba saa saba mchana hewa ya Kagio huishinda ardhi yake?

Pampu ya joto si lazima ichote ardhini. Zipo zinazochota hewani, nazo gharama yake ni ndogo kuliko ya zile za ardhini kwa sababu hakuna kuchimba. Ulaya na Amerika Kaskazini watu huchimba kwa kuwa hewa yao ya majira ya baridi ina joto kidogo mno la kuchota, na ardhi inaizidi kwa nyuzi nyingi. Hiyo ndiyo sababu ya gharama yote ile ya visima.

Kagio, alfajiri ya Julai, ardhi itaizidi hewa kwa nyuzi chache. Lakini ikifika saa saba mchana, hewa imepanda hadi nyuzi 25 au zaidi siku nyingi za mwaka, na ardhi imebaki kwenye 21 yake. Ukiiwasha pampu ya hewa saa hiyo ikupashie maji, ukayahifadhi kwenye tangi lililofunikwa vizuri, utakuwa umechota kwenye chanzo bora kuliko kisima, na paneli za sola zilizo juu ya mabati ziko katika nguvu zake zote.

Kwa hiyo nasema bila kuzungukazunguka: kwa nyumba ya kawaida ya familia Kagio, kisima cha jotoardhi cha mita 100 hakitarudisha pesa zake. Hita ya maji inayotumia jua, au pampu ya hewa inayofanya kazi mchana, itakupa karibu kila kitu ambacho kisima kingekupa. Nanyuki na Naro Moru, ambako usiku huuma, hoja ya ardhi huwa na nguvu zaidi kidogo. Na kwa hoteli, hospitali, bweni la shule au mfugaji wa vifaranga, ambao huhitaji joto usiku kucha, inafaa kupigiwa hesabu kwa makini. Kifaranga wa wiki ya kwanza hutaka nyuzi 32 hadi 35, na hangoji jua lichomoze.

Je, wajua kwamba Kongo iliitangulia Olkaria?

Olkaria ilianza kuchunguzwa mwaka 1956 na mtambo wake wa kwanza ukawashwa 1981. Mara nyingi husemwa kuwa hiyo ndiyo jotoardhi ya kwanza Afrika. Lakini huko Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952 palikuwa na mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi uliotumia maji ya chemchemi yenye nyuzi 91 kuupatia mgodi umeme. Ulikuja kuachwa, na wengi wameusahau.

Eburru, juu ya Naivasha, wakazi wamekuwa wakikinga mvuke unaotoka ardhini, kuupoza kwenye mabomba na kunywa maji yake, kwa kuwa mito hakuna. Walowezi nao waliutumia mvuke huohuo kukaushia pareto. Na kule Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wamevuna chumvi kwenye bustani za chemchemi ya moto kwa karne nyingi, kila bustani ikirithiwa na binti.

Anayetaka kuona jotoardhi ikipasha majengo aende Naivasha. Shamba la maua la Oserian lilikodi kisima cha Olkaria ambacho hakikuwa na nguvu ya kutosha kuzalishia umeme, na tangu mwaka 2003 likakitumia kupashia nyumba za mimea, hekta 50 kwa jumla. Jambo la kuvutia ni kwamba mawaridi yale hayakuwa yakifa kwa baridi. Tatizo lilikuwa unyevu wa usiku, unaoleta ukungu kwenye majani. Joto kidogo kabla ya alfajiri hukausha hewa, na dawa za ukungu hupungua. Mama mwenye nyumba Karatina, ambaye ukuta wa chumba cha watoto humea weusi kila Julai, anaugua ugonjwa uleule wa mawaridi ya Oserian.

Huko Menengai, Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, GDC, imeonyesha kwa mitambo ya majaribio kwamba maji ya moto ya kisima yanaweza kuchemsha maziwa, kupasha mabwawa ya samaki na kufua nguo. Na Wakenya ni miongoni mwa walio wengi zaidi katika orodha ya wataalamu waliosomea jotoardhi Iceland, kwenye mafunzo yaliyoanza huko mwaka 1979. Iceland yenyewe ilianza kwa unyenyekevu: mwaka 1930 bomba moja liliingia Reykjavik likipeleka maji ya moto shuleni na kwenye majengo mengine. Leo nyumba tisa kati ya kumi hupashwa hivyo.

Je, wajua kwamba watu watano ni hita ya wati 500?

Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Familia ya watano chumbani ni kama hita ndogo inayowaka bila tokeni. Nyumba ya jadi ya Wakikuyu ililijua hilo: ya mviringo, paa nene la nyasi lililoshuka chini, mafiga matatu katikati, na mbuzi na kondoo wakilala ndani pamoja na watu. Kila mwenye pumzi alichangia. Wakati wa gathano, ule msimu wa mawingu na manyunyu wa katikati ya mwaka, joto hilo halikuwa na mahali pa kutorokea kwa haraka.

Kisha tukahamia kwenye mbao na mabati. Bati halina akiba. Mchana hupokea jua na kulimwaga lote ndani papo hapo, na usiku usio na mawingu hulirusha joto angani hadi lenyewe likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana alfajiri matone hudondoka kutoka upande wake wa ndani hata kama mvua haikunyesha. Joto la wati 500 hupita hapo kama maji kwenye kikapu.

Ukuta mzito hufanya kazi kama ardhi iliyosimamishwa wima. Ukuta wa matofali ya udongo wa sentimita 30 hulichelewesha joto kwa saa 8 hadi 10: jua la saa nane mchana huanza kuingia chumbani usiku wa kulala. Ule wa mawe ya kuchonga wa sentimita 20 huchelewesha kwa saa tano au sita. Kagio, ambako wastani wa siku ni mzuri na shida ni mchana mkali na usiku wa baridi, ukuta kama huo ukiongezewa dari yenye kizuia joto juu yake, na madirisha yanayofungika sawasawa, umeshatenda sehemu kubwa ya kazi ambayo mabomba ya uani yangefanya. Sakafu ya saruji iliyo moja kwa moja juu ya udongo nayo inagusa zile nyuzi 21 usiku na mchana. Hiyo ndiyo jotoardhi ya mtu wa kawaida, na keshailipia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo linaniuma. Kila msimu wa baridi, katika nyanda zetu za juu, kuna familia ambazo haziamki kwa sababu jiko la makaa liliachwa linawaka chumbani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haoni dalili yoyote. Jiko halifai kulala chumbani na watu, hata likionekana limezimika, na kila shilingi inayowekwa kwenye dari ya mtoto ni shilingi inayoliondoa jiko hilo kitandani pake.

Je, wajua kwamba maziwa ya jioni yanaweza kuwaogesha watu?

Ng'ombe hutoa maziwa yenye joto la nyuzi 35 na zaidi, na kiwanda kinayataka kwenye nyuzi 4. Kupoza lita 100 kunamaanisha kuondoa yuniti 3.5 hivi za joto. Ikumbuke ile hesabu ya bafu: lita 100 za maji ya kuoga huhitaji yuniti 3.1. Joto ambalo mashine ya kupozea maziwa hulitupa nje kwa feni linatosha kupasha maji ya familia nzima, na ya kusafishia makopo yanabaki. Mashine zenye kunasa joto hilo zipo, na hutumika kwenye vyumba vya maziwa katika nchi nyingi.

Nyanya za Kagio ni ndugu wa hoja hiyohiyo. Sokoni kreti zinapojaa na bei kuanguka, mkulima hana mahali pa kuzingojesha. Nyanya hukaa vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Ardhi ya nyuzi 21 haiwezi kumfikisha huko peke yake, ila stoo iliyozamishwa nusu ardhini huanzia 21 badala ya 28, na pampu hubakiwa na safari fupi. Chumba cha kuta za makaa yanayoloweshwa maji, kinachofahamika katika mashamba mengi ya Kenya, nacho hupoza kwa mvukizo, hasa miezi ya ukavu. Ningekuwa na pesa za mtambo mmoja tu wa pampu ya joto kuuleta Kagio, ningeuweka sokoni kabla ya kuuweka nyumbani kwa mtu: upande mmoja upoze nyanya, upande wa pili upashe maji.

Kuna sababu nyingine ya kupenda mpango wa pande mbili. Ardhi hujaa. Chuo cha Stockton, New Jersey, kiliwekewa mwaka 1994 visima 400 vya kina cha mita 130 hivi, vikipokea joto la majengo. Kwa kuwa majengo hayo yalihitaji kupozwa zaidi kuliko kupashwa, mwamba wa chini ulianza kupata joto mwaka baada ya mwaka. Katika nchi za joto, anayetupa joto ardhini bila kulichota tena atafika mahali ardhi haipokei.

Je, wajua kwamba udongo mweusi wa Mwea ungeyaachia mabomba?

Joto hupita haraka kwenye udongo uliolowa na kwa shida kwenye udongo mkavu. Mchanga uliojaa maji hupitisha joto mara kadhaa zaidi kuliko uleule ukiwa mkavu. Udongo mweusi wa mashamba ya mpunga, ukiwa chini ya maji, ni mpitishaji mzuri. Lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na bomba lililofukiwa humo hubaki limezungukwa na hewa, ambayo ni kama kulivisha blanketi. Udongo mwekundu wa upande wa juu, kuelekea Kerugoya, hautanuki na kunywea kiasi hicho. Ploti mbili zilizo karibu zinaweza kutoa majibu tofauti.

Kwa anayehitaji kweli mfumo wa ardhini, hesabu ya haraka ni wati 50 hivi kwa kila mita ya kisima. Mzigo wa kilowati 6 ni mita 120, ambazo zinaweza kugawanywa kwa visima viwili vilivyoachana mita tano au sita. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hilo linawezekana, mradi choo, tangi la maji taka na msingi wa nyumba vipewe nafasi kwanza. Mitaro ya mlalo, ambayo ni rahisi kuchimba, hutaka uwanja ambao ploti kama hiyo haina. Mabomba huwa ya plastiki ngumu ya poliethilini, na yakilazwa vizuri hudumu miaka 50. Pampu yenyewe huchoka mapema zaidi.

Kabla ya kuchimba kisima cha maji, sheria inataka ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini na idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inaiweka jotoardhi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Ulizia ofisini mapema kama kisima cha joto nacho kinahitaji idhini, kabla lori la mashine halijaegeshwa langoni.

Je, wajua kwamba jirani mwenye kisima amekwisha kukufanyia utafiti?

Maji yanayotoka kwenye kisima kirefu huja na joto la mwamba yalimokaa. Mwombe mwenye kisima akufungulie asubuhi, kabla maji hayajafika tangini, kwa sababu tangi la plastiki lililo juani litakudanganya. Yaache yatiririke dakika kumi ili yaliyolala kwenye bomba yatoke. Kisha kinga ndoo, tumbukiza kipimajoto, subiri kitulie, uandike. Uliza kina: kisima cha mita 100 kitaonyesha nyuzi mbili au tatu zaidi ya udongo wa juu, na injini iliyozama humo huongeza kidogo.

Rudi Julai, halafu urudi Machi. Ndoo zote mbili zikisoma sawa huku hewa ya nje ikiwa imebadilika, umeiona kwa macho yako ile hesabu ya wastani. Kipimajoto hicho kitundike baadaye chumbani mwa watoto, kando ya kitanda, na uandike kinachosoma saa kumi na moja alfajiri kwa wiki mbili. Tofauti kati ya namba ya ndoo na namba ya chumbani ndiyo utakayompelekea fundi, kabla hajaanza kukuuliza habari za geji ya mabati.